Unataka tairi kubwa kwenye pikapu? Soma hapa kwanza kabla hujanyanyua gari

Haya wadau, leo naweka siasa pembeni kidogo. Kila masika yakikaribia, ukipita gereji za hapa Morogoro hukosi kukuta pikapu imewekwa juu ya magogo, mwenyewe kasimama pembeni na funguo mkononi, anamwambia fundi "ninyanyulie gari, nataka tairi kubwa". Muulize unataka inchi ngapi. Atakwambia "yoyote tu, iwe juu". Fundi naye ana watoto wanaokula, hawezi kukataa kazi. Jioni gari linatoka limesimama kama twiga, picha zinapigwa, maisha yanaendelea... mpaka siku ya mzigo.

Mimi si injinia, niseme mapema ili mtu asije kunidai cheti kwenye maoni. Nimemaliza kidato cha nne, naandika huku na kule kwa yeyote anayelipa, na siku nyingi nashinda gereji ya jamaa zangu nikiwashikia tochi wakiwa chini ya gari. Hesabu zilizomo humu ni kuzidisha na kugawanya tu. Ukiwa na kalamu unazimaliza.

Nitatumia gari moja kama mfano, ili tusiongee hewani. Mjomba wangu ana Hilux ya umbo la Vigo (lile lililotoka kati ya 2004 na 2015), kebini moja, 4x4, dizeli. Inapanda Sangasanga kwenda Nyandira kule Mgeta kuchukua kabichi na karoti, inashusha mjini. Barabara ile anayeijua anaijua. Masika ikikolea ni matope na kona juu ya kona, upande mmoja mlima na upande wa pili hakuna kitu. Mjomba akaniambia: "Mjomba, nataka tairi za inchi thelathini na tatu. Fundi kasema ataweka bloki nyuma na spesa mbele, kazi ya siku moja." (Kwa wasiojua, mjomba na mpwa tunaitana mjomba kwa mjomba. Na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kubishiwa ovyo, kwa hiyo ilibidi niende na karatasi ya hesabu, maana maneno matupu asingeyasikiliza.) Gari lile ndo ada za watoto wake wanne, na siku za gulio kuna watu wanakaa juu ya magunia. Kwa hiyo sikuona kama ni suala la urembo.

Tuanze na tairi, manake ndo linaloamua kila kitu. Watu wengi wanaanza na kunyanyua halafu wanatafuta tairi la kujaza nafasi. Ni kinyume.

Namba za tairi zinasomeka hivi. Chukua 265/70R16. Upana ni milimita 265. Kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 70 ya huo upana, yaani 185.5. Ukuta uko juu na chini, kwa hiyo zidisha mara mbili, 371. Ringi ni inchi 16, na inchi moja ni milimita 25.4, unapata 406.4. Jumlisha: 777. Tairi lako lina kimo cha milimita 777, sawa na inchi 30 na nusu hivi. Ukifanya hivyohivyo, 265/75R16 inakuja 804, na 285/75R16, ambayo ndo watu wanaiita "thelathini na tatu", inakuja 834.

Mjomba alikuwa na 205R16, tairi nyembamba za kazi ambazo Hilux nyingi za kebini moja zinatoka nazo. Namba ya katikati haijaandikwa, na ikiwa haipo hesabu ukuta wa asilimia 82. Inakuja kama 742.

Sasa sikiliza hapa, hii ndo pointi ambayo ningependa usome mara mbili. KUNYANYUA GARI HAKUNYANYUI DIFU YA NYUMA. Difu ya nyuma iko ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Weka springi za urefu wa nyumba, difu itabaki palepale ilipo, ikilima matope yaleyale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena nusu tu ya tofauti ya kimo, kwa sababu nusu nyingine inaenda juu ya ekseli. Mjomba akitoka 742 kwenda 834, anaongeza milimita 92 za tairi, lakini chini ya difu anapata 46 tu. Akienda 777 anapata 17 au 18.

Lifti inafanya kazi nyingine. Inainua chesisi, bodi, bampa, tangi la mafuta. Kwa magari ambayo miguu ya mbele inajitegemea, kama hiyo Vigo, inainua pia difu ya mbele, kwa sababu ile imefungwa kwenye chesisi. Inasaidia bampa isigonge mwanzo wa mlima na tumbo lisikae kwenye tuta. Na inaacha nafasi kwenye madigadi ili tairi kubwa lipate pa kukaa. Hizo ni faida za kweli. Ila kama tatizo lako ni difu kukaa kwenye tuta la katikati ya nyayo za malori, usilipie springi ukidhani zitakutoa hapo.

Je, tairi gani linahitaji lifti na lipi halihitaji? Hilux za daraja la juu za umbo hilohilo la Vigo zilitoka kiwandani na 265/65R17, ambayo piga hesabu utapata 776. Maana yake mpaka kimo cha 776 au 777, bodi ile haihitaji kunyanyuliwa hata milimita moja. Kiwanda chenyewe kimeshakujibu. Kuna watu wanalipia lifti ili wavae 265/70R16, wanalipa kwa kitu ambacho tayari wanacho. Kuanzia 800 hivi ndo unaanza kugusa huku na kule. Ukifika 834 kwenye gari hilo unaingia kwenye kukata plastiki, kukunja kingo za bati, na kusogeza vitu.

Hapo kwenye kugusa pana jambo ambalo hata mafundi wengine wanalipita. Watu wanaamini lifti inaondoa kugusa. Inaondoa kugusa gari likiwa LIMESIMAMA. Lakini gurudumu likiingia shimo, linapanda juu mpaka lile pande la mpira la kugotea linapokutana na chuma. Ule mpira haujahama. Umenyanyua gari sentimita tano, sawa, ila gari likipiga shimo kwa nguvu likiwa na mzigo, tairi litapanda mpaka palepale lilipokuwa linafika zamani, na sasa tairi ni kubwa zaidi. Kama linagusa bati hapo, litagusa, lifti au hakuna lifti. Springi ngumu zaidi zitafanya jambo hilo litokee mara chache. Dawa kamili ni mpira wa kugotea mrefu zaidi, au tairi dogo zaidi.

Kwa hiyo kupima hakufanyiki uwani gereji kwenye saruji. Panda gurudumu moja la mbele kwenye tuta au gogo mpaka mguu ukunjamane kabisa, halafu zungusha usukani wote kushoto, wote kulia. Fanya na upande wa pili. Kisha rudia gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Angalia nyuma ya tairi la mbele pale madiflepu inapoanza, angalia kona ya chini ya bampa, na uingize mkono ndani uangalie kati ya tairi na amu ya juu na chesisi. Alama ya mpira mweusi kwenye chuma inakwambia ukweli kuliko fundi yeyote.

Sasa njia za kunyanyua zenyewe. Ziko kama nne, na bei zake zinatofautiana sana.

Ya rahisi kabisa ni kunyanyua bodi. Wanaweka vipande kati ya chesisi na bodi, bolti ndefu, basi. Springi haziguswi. Unapata nafasi ya tairi, lakini chesisi, bampa ya chini, tangi, vyote vinabaki chini kama zamani. Halafu unaanza kufukuzana na vitu: shafti ya usukani imekuwa fupi, bomba la kujazia mafuta limevutika, hosi za rejeta zimenyooka, feni iko chini na boksi lake liko juu, gia ziko chini ya mpira wake. Sentimita mbili na nusu watu wanaishi nazo. Zaidi ya hapo mimi binafsi sipendi, hasa kwenye gari la mzigo ambalo bodi inavutwa huku na huku siku nzima.

Ya pili ndo hiyo aliyoambiwa mjomba: spesa mbele na bloki nyuma. Spesa ni kisahani cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi na shokapu ya mbele. Kwa sababu springi ya Vigo imesimama katikati ya amu na si pale tairi lilipo, kisahani cha inchi moja kinatoa zaidi ya inchi moja kwenye tairi. Ndo maana unaweza kuona kitu chembamba, ukadhani hakina madhara. Springi ni ileile ya zamani, shokapu ileile ya zamani, ila mguu sasa unaning'inia chini kuliko ulivyobuniwa. Gurudumu likiachia kwenye shimo, boljointi ya juu na draivu shafti vinafika mwisho wa pembe zake. Buti la sivijointi linapasuka, grisi inatoka, matope yanaingia. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ukikata kona, ushajua.

Bloki za nyuma ni pande la chuma kati ya ekseli na springi (zile springi za vyuma bapa vilivyobebana). Bloki moja fupi, ya kiwandani, yenye pini ya katikati na yubolti mpya za urefu sahihi, sina ugomvi nayo sana. Ninachokataa ni bloki mbili kubebana, au kipande kilichokatwa na kuchomelewa na mtu wa geti na madirisha. Kila unapoongeza urefu wa bloki, unaongeza nguvu ya ekseli kujizungusha ukikanyaga mafuta mlimani au ukifunga breki. Springi zinajikunja kama herufi S, yubolti zinalegea, na yubolti zikilegea ekseli inahama. Nimeona pikapu moja imeletwa gereji ikiwa ekseli ya nyuma imerudi nyuma upande mmoja, gari linatembea kama kaa. Dereva alikuwa ameliendesha hivyo kutoka porini akidhani ni alaimenti. Bahati yake ilitokea tambarare.

Kuna pia kuongeza urefu wa shakeli, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi. Shakeli ikiongezwa sentimita nne, gari linapanda mbili tu, na ekseli inageuka kidogo hivyo propela shafti inaingia kwa pembe mbaya. Unapata mtetemo. Sioni kwa nini mtu ajisumbue nayo.

Ya tatu, kwa magari ya zamani ya tosheni baa, ni kukaza bolti za ile baa. Bure kabisa, spana tu. Hapa watu wanajidanganya kwamba wameongeza nguvu ya kubeba. Hapana. Baa ni ileile, ugumu wake ni uleule, umebadilisha tu mahali pa kuanzia. Mguu sasa umekaa karibu na mwisho wake wa chini, kwa hiyo kila ukitoka kwenye tuta unasikia "ngo!" chini. Ukikaza kidogo kurudisha urefu uliopotea kwa uzee, sawa. Kutafuta inchi mbili pale, hapana.

Ya nne ni kubadilisha springi na shokapu zote, mbele na nyuma, kwa seti iliyobuniwa pamoja. Hapa ndo yanakuja yale majina ya Australia, mfano Old Man Emu ya ARB, Ironman na wengine. Waaustralia wana mapori na pikapu nyingi, wamelifanyia kazi suala hili muda mrefu. Uzuri wa seti hizi ni kwamba shokapu ina urefu unaolingana na springi mpya, na springi zinauzwa kwa UZITO unaobeba. Swali la kwanza muuzaji mzuri anakuuliza ni "muda mwingi gari linabeba nini?", inchi zinafuata baadaye. Mbele una ngao na winchi au huna? Nyuma ni tupu, au kilo mia tatu kila siku, au tani? Muuzaji asiyekuuliza hayo anakuuzia chuma tu.

Na hapo ndipo karatasi yangu ilipomgusa mjomba. Springi zake za nyuma zilikuwa zimelala kabisa, zimenyooka kama rula hata gari likiwa tupu. Nilipima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma, kushoto na kulia (pima kutoka katikati ya ringi, usipime kutoka chini, kwa sababu tairi na upepo vinadanganya). Nyuma kushoto kulikuwa chini kuliko kulia kwa karibu vidole viwili. Kumbe nusu ya "unyanyuaji" aliokuwa anautaka ni urefu ambao gari lilikuwa nao na likaupoteza kwa miaka ya lumbesa. Ukiweka bloki juu ya springi zilizochoka, umenyanyua uchovu. Vyuma vinaendelea kulala.

Lakini usikimbilie springi ngumu kuliko zote eti ndo imara. Springi ya tani moja kwenye gari linaloshinda tupu inaruka kwenye rasta kama mbuzi, tairi haligusi ardhi vizuri, na gari lisilogusa ardhi halifungi breki wala halikati kona. Mjomba anapanda tupu na kushuka na mzigo, kwa hiyo nikamwambia achukue za kati, ambazo vyuma vya chini vinaanza kufanya kazi mzigo ukiingia.

Magari mengine kwa haraka: usiamini mwaka, chungulia chini. Hilux za 4x4 za huku kwetu za kabla ya 1997 zina ekseli nzima mbele na springi za vyuma bapa pande zote. Kunyanyua kwake ni rahisi, hakuna sivijointi za kupigana na pembe kama za Vigo. Zile za kati ya 1997 na 2005 ni mchanganyiko, kuna zenye tosheni baa na kuna zenye ekseli nzima. Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 79, kuanzia 1999, mbele zina springi za mviringo na nyuma za vyuma bapa. Kwenye magari ya ekseli nzima ukinyanyua, angalia urefu wa hosi za breki zinazoshuka kwenye ekseli, na pembe ya mbele ambayo ikipotea usukani unaanza kutangatanga barabarani.

Kwa Vigo, kiwango changu ni milimita 40 hadi 50, basi. Ukizidi hapo unahitaji amu mpya za juu, pengine kushusha difu ya mbele, na pesa inakwenda bila kurudi. Baada ya kunyanyua, alaimenti ni LAZIMA, siku hiyohiyo. Mwambie fundi alegeze zile bolti za alaimenti za amu ya chini kabla hujanunua chochote, kwa sababu kwenye magari yetu ya matope mara nyingi zimeganda na kutu ndani ya bushi. Zikikataa kuzunguka, alaimenti haipo, na tairi zako mpya zitaliwa upande wa ndani ndani ya wiki chache.

Breki. Jamani, breki. Hilux nyingi za umbo hili zina valvu nyuma yenye kijiti chembamba kinachounganisha chesisi na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likilala kwa mzigo, valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi, gari likiwa juu, inajua ni tupu na inapunguza. Sasa wewe umenyanyua gari sentimita tano. Umepakia tani ya kabichi, lakini kile kijiti kinaona gari liko juu, kinaiambia valvu "tupu hii". Unashuka Mgeta na breki za nyuma zilizopunguzwa, na mzigo wote unazitegemea za mbele ambazo zishachemka. Dawa yake ni kibano kidogo cha kushusha au kupandisha kile kijiti kwa kiasi kilekile ulichonyanyua, kitu cha nusu saa. Ila ukimuuliza fundi "na ile valvu ya breki nyuma utaifanyaje?" akakuangalia tu, chukua funguo zako uondoke.

Halafu tairi lenyewe, likiwa kubwa, ni mkono mrefu zaidi ambao breki inabidi iushike. Injini nayo hivyohivyo. Kutoka 742 kwenda 834 ni nyongeza ya asilimia 12, ni kama mtu kakuondolea sehemu ya gia zako. Mlimani utaishi kwenye gia nzito na klachi italia. Mita ya spidi nayo inadanganya kwa kiasi kilekile: ikisoma 50 wewe uko kwenye 56. Mita nyingi za kiwandani huwa zinazidisha kidogo kwa hiyo sehemu ya tofauti inamezwa, lakini trafiki mwenye tochi pale kwenye kibao cha 50 hataki kusikia habari za kimo cha tairi. Hata kilomita zinasomeka pungufu, kwa hiyo oili unachelewa kumwaga.

Na kupinduka. Lifti ya sentimita tano jumlisha tairi la 834, chesisi ya mjomba ingepanda karibu sentimita kumi. Juu yake kabichi, juu ya kabichi watu. Kwenye kona zile, sentimita kumi si kitu cha kuongeza bila sababu. (Hata makuli wa Nyandira wangemlaani, gunia la lumbesa kulirusha sentimita kumi zaidi mara thelathini si mchezo.)

Basi tulifika wapi? Tulipiga hesabu ya tairi moja ambalo wengi hawalifikirii: 235/85R16. Ukuta 199.75, mara mbili 399.5, jumlisha 406.4, inakuja 806. Kimo karibu sawa na 265/75R16, lakini jembamba. Linakaa kwenye ringi ya inchi 6, ambazo mjomba anazo tayari (imeandikwa 6J kwenye ringi), wakati tairi la 265 linataka ringi ya kuanzia inchi 7, yaani ununue na ringi tano. Jembamba haligusi sana ukikata kona. Na kwenye matope yenye ardhi ngumu chini, tairi jembamba linakata mpaka likafika pagumu, wakati pana linaelea juu na kuteleza. Pana ni zuri mchangani. Wazee wa Land Rover za Mgeta waliendesha na tairi nyembamba ndefu miaka yote na walifika. Chini ya difu anapata milimita 32, na spidi ikisoma 50 yuko 54.

Uwezo wa kubeba pia uangalie, ile namba ya mwisho pembeni ya tairi. 110 ni kilo 1,060 kwa tairi, 112 ni 1,120, na 235/85R16 za pikapu nyingi zina 120, kilo 1,400. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari. Ukinunua mtumba soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nunua tano, si nne, na hakikisha la spea linaingia kwenye nafasi yake chini ya bodi. Na tafadhali, usiweke makubwa nyuma ukaacha madogo mbele kwenye 4x4. Ukiingiza 4x4, propela ya mbele na ya nyuma zinagombana na kinachovunjika ni bei ya nyumba ndogo.

Lifti yake ni milimita 40 kwa seti ya springi na shokapu, kibano cha valvu, yubolti mpya (za zamani hazirudishwi, zishavutika), alaimenti. Ni ghali mara kadhaa kuliko spesa na bloki, sikatai. Kwa hiyo ameanza na springi za nyuma na shokapu zake, pamoja na kibano cha valvu, kwa sababu ndiko palipokufa. Mbele na tairi vitafuata karoti zikilipa. Nimemwambia pia amjulishe mtu wa bima kwa maandishi kabla, si baada.

Bolti zote zilizoguswa zikazwe tena baada ya kilomita mia tano hivi, hasa yubolti, gari likiwa limesimama kwa uzito wake na si kwenye jeki. Bushi za springi nazo zikazwe gari likiwa chini, ukizikaza likiwa linaning'inia zinajipinda na kuchanika.

Kama una pikapu nyingine, andika kwenye maoni aina, mwaka, namba ya tairi lililopo na unachobeba, tupige hesabu pamoja. Mafundi mliomo humu, nirekebisheni, hasa wa Land Cruiser.